Msalaba uliokuja na mizinga, na imani iliyokuja na watoto

Julai 1505, meli za Wareno zikiongozwa na Francisco de Almeida zilitia nanga mbele ya Kilwa Kisiwani. Askari walishuka, mtawala akakimbia, mji ukaanguka siku hiyohiyo. Ndipo mapadri Wafransisko waliokuwa kwenye msafara wakashuka nao wakiwa na misalaba miwili. Walikwenda kwa maandamano hadi kwenye jumba la mfalme, wakiimba Te Deum, wimbo wa Kilatini wa kumshukuru Mungu. Msalaba ukasimikwa, Almeida akapiga magoti akasali. Walipomaliza kusali, watu wakatawanyika mjini kupora bidhaa na vyakula.

Habari hizi hazikutoka kwa adui wa Wareno. Ziliandikwa na Hans Mayr, Mjerumani aliyesafiri ndani ya meli mojawapo ya msafara ule. Aliona sala na uporaji, akaviandika kimoja baada ya kingine kama mambo mawili ya siku moja.

Wareno walijenga ngome, wakaiita kwa jina la Mtakatifu Yakobo, Santiago. Mwaka 1512 waliiacha wakaondoka. Jengo liitwalo Gereza ambalo wageni huoneshwa leo Kisiwani ni la enzi ya Waomani, limesimama juu ya mabaki ya ngome ile. Kuhusu Ukristo, historia haitaji usharika wa wenyeji uliobaki nyuma, wala kanisa lililoendelea kusaliwa. Miaka saba ya bendera, mizinga na maandamano haikuacha hata familia moja tunayoijua iliyokaa jioni ikasali kwa jina la Kristo baada ya meli kutokomea.

Naanzia hapo kwa sababu Mkristo wa Kilwa Masoko anaishi akiutazama mkono wa bahari unaokitenga kisiwa hicho. Kutoka gatini Masoko, mashua huuvuka kwa dakika chache tu. Sababu ya pili ni swali ambalo wachungaji, makatekista na wainjilisti wa pwani hii huulizwa na watu waliobatizwa karibuni, na hata na waliobatizwa zamani wakapoa: nifanye nini ili imani yangu ikue? Mara nyingi anayeuliza hivyo anasubiri jambo kubwa. Anasubiri mkutano wa Injili wenye spika na jukwaa, au mhubiri kutoka mbali, au muujiza utakaomaliza maswali yake kwa siku moja. Kilwa iliwahi kuingiwa na Ukristo kwa kishindo, na mabaki ya kishindo hicho ni mawe.

Imani iliyokuja baadaye kusini mwa Tanzania, ambayo ipo hadi leo, ilipitia njia nyingine kabisa. Ilipitia kwa watu waliotembezwa hadi pwani hii wakiwa wamefungwa, wengi wao watoto.

Katikati ya karne ya 19 Kilwa Kivinje, bandari iliyo kaskazini ya Masoko, ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa kusafirishia watumwa waliotoka pande za Ziwa Nyasa. Mmoja wao alikuwa binti wa Kiyao aitwaye Swema. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, na mama yake alielemewa na deni. Mdai akamchukua mtoto badala ya mali, akamuuza kwa msafara uliokuwa ukielekea pwani. Mama aliomba afuatane naye asitengane na mwanawe. Njiani nguvu zikamwishia, msafara ukamwacha afe porini. Swema alifika Kilwa peke yake, akapakiwa kwenye jahazi hadi Unguja. Alipofika alikuwa amedhoofu hata akahesabika hana bei tena. Akaviringishwa kwenye mkeka, akafukiwa kwenye kaburi la kina kifupi angali hai.

Kijana mmoja kutoka kisiwa cha Réunion alimsikia, akamfukua, akampeleka kwa masista Wakatoliki waliokuwa wamefungua nyumba na hospitali mjini Unguja tangu mwanzoni mwa miaka ya 1860. Masimulizi yake yaliandikwa na Padri Anton Horner wa Shirika la Roho Mtakatifu, yakachapishwa Ufaransa mwaka 1870. Wanahistoria wanatukumbusha kwamba yalipita mikononi mwa wamisionari waliotaka kuwagusa wasomaji wao wa Ulaya, na ni haki kuyasoma tukilijua hilo. Hata hivyo kuna sehemu ambayo siwezi kuiruka.

Swema alipopona aliwekwa kusaidia wagonjwa. Siku moja wakaletwa majeruhi Waarabu, na kati yao akamtambua mtu wa ule msafara, yule aliyemwacha mama yake njiani. Hakuruka kwa furaha ya kusamehe. Masimulizi yanaonesha msichana anayetetemeka, anayetaka kukimbia, anayeambiwa na sista kwamba asali kwanza. Kisha anarudi na maji na kitambaa, anaosha jeraha la mtu yule. Alirudi tena baada ya hapo, maana jeraha haliponi kwa kuoshwa mara moja. Ukitaka kujua msamaha wa Kikristo huanzaje kwa mtu aliyeumizwa kweli, utazame hapo. Ulianza kwa bakuli la maji, katika mikono ya mtoto ambaye moyo wake ulikuwa bado haujatulia.

Upande wa Waanglikana mwanzo ulikuwa mdogo vilevile, nao ulitanguliwa na kushindwa kukubwa. Hotuba ya David Livingstone ya mwaka 1857 kule Cambridge iliwasha moto uliozaa misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, UMCA. Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie na wenzake walipiga kambi Magomero, katika nyanda za juu za mto Shire, nchi ambayo leo ni Malawi. Waliwakomboa watumwa, jambo jema. Lakini wakajikuta wanashika bunduki na kuingia katika vita vya wenyeji. Januari 1862 Mackenzie akafa kwa homa, wengine wakamfuata. Askofu William Tozer, aliyemrithi, aliona mambo hayaendi, akaihamishia misheni Unguja. Livingstone alikasirika sana, akaona ni woga.

Tozer na Edward Steere walifika Unguja Agosti 1864. Hawakuwa na usharika wala shule. Punde Sultani Majid wa Zanzibar akawapa wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la biashara ya magendo ya watumwa. Kanisa la Anglikana lililotokana na misheni hiyo lina mizizi katika watoto hao watano, waliofika hawana hata lugha ya kuzungumza na walimu wao. Wazungu wawili waliokuwa wameota kuigeuza Afrika ya kati walikaa chini wakawafundisha wavulana kusoma, kuhesabu, kusali, na baadaye kupanga herufi za chapa. Steere alijifunza Kiswahili kwa watu wa Unguja, akakitungia kitabu cha mafunzo kilichotoka mwaka 1870, akaanza kutafsiri Maandiko. Kurasa za mwanzo zilichapwa papo hapo misheni kwa mikono ya vijana waliookolewa.

Mwaka huohuo wa 1870, wawili kati ya wale watano, John Swedi na George Farajallah, walipewa daraja la ushemasi mdogo. Farajallah hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Swedi aliendelea, akawa shemasi. Tangu Magomero ilikuwa imepita karibu miaka kumi, na mavuno ya kuonesha London yalikuwa vijana wawili, mmoja akiwa karibu na kaburi. Wafadhili waliotaka hesabu kubwa hawakuwa na la kujivunia. Ila Swedi aliufahamu utumwa kwa mwili wake. Aliposimama mbele ya watu waliotoka katika soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, akawaambia kuwa Mungu anawajua kwa majina, hakuwa anasoma kitabuni.

Soko hilo lilifungwa mwaka 1873. Mahali pake Steere akajenga kanisa linalosimama hadi leo, ambalo wageni wa Unguja hawakosi kulitembelea. Mimi hulipenda zaidi jambo lililofanyika miaka mitatu baadaye, ambalo haliko kwenye njia ya watalii. Oktoba 1876 Steere, ambaye sasa alikuwa askofu, alivuka na zaidi ya watu hamsini, wanaume kwa wanawake, waliokombolewa utumwani, wakashukia Lindi, wakaanza kutembea kurudi bara. Hebu tafakari safari hiyo. Nchi ya kusini iliyowaona wakishuka pwani wamefungwa kongwa shingoni iliwaona sasa wanapanda wamebeba mbegu, majembe na vitabu. Nia ilikuwa kufika mbali zaidi, karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika chini ya milima ya Masasi, wenyewe wakasema wamechoka, ardhi ni nzuri, hapa ni karibu na kwao. Steere aliwasikiliza. Akapanga viwanja, njia, mahali pa kanisa, akamwacha mmisionari William Percival Johnson pamoja nao.

Kwangu, kule kusikiliza ndiko kulikoifanya Masasi iwe Masasi. Askofu alikuwa na ramani na mipango, na waliokombolewa walikuwa na miguu iliyochoka na kumbukumbu ya nyumbani. Kijiji kikaanzishwa pale miguu ilipokoma.

Hakikuota kwa raha. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huko waliitwa Magwangwara, waliivamia Masasi, wakachoma nyumba, wakaua, wakachukua mateka. Kwa watu waliokwisha kuonja utumwa mara moja, sidhani kama kuna neno linalotosha. Kazi ikahamia kwa muda Newala na vijiji vya Makonde. Mmoja wa waliokwenda kutumika pande hizo ni Cecil Majaliwa, Myao aliyeibwa utotoni na kulelewa na misheni Unguja. Alipewa ushemasi mwaka 1886, akapelekwa Chitangali, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa upadri. Kule Chitangali alikaa na watu wa lugha yake. Alikuwa mwalimu wa shule, mwamuzi wa ugomvi na mzishi wa wafu. Chifu wao, Barnaba Nakaam, akawa Mkristo, na kijiji kikawa miongoni mwa vijiji vyenye waumini wengi katika misheni yote. Wasomi walioandika historia ya misheni hiyo wanasema wazi kwamba Majaliwa alifanikiwa pale ambapo Wazungu wengi walikwama. Hakuwa na fedha zaidi yao wala elimu zaidi yao. Alikuwa jirani.

Wakatoliki wa Lindi wana kumbukumbu yao, nayo inapita Kilwa moja kwa moja. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia walifungua Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka uliofuata. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji viliwaka katika milima ya Umatumbi, wilaya hiihii ya Kilwa, watu walipochoshwa na pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko vya serikali ya Wajerumani. Agosti mwaka huo Askofu Cassian Spiss alishuka Kilwa akiwa na mabruda wawili na masista wawili, akashika njia ya Liwale kuelekea Peramiho. Tarehe 14 Agosti wote watano waliuawa njiani. Lukuledi na Nyangao ziliteketezwa.

Walikufa watu waliokuja kuhubiri, na naomboleza vifo vyao. Naomboleza pia maelfu kwa maelfu ya watu wa kusini waliokufa kwa risasi, na zaidi kwa njaa iliyoletwa na jeshi la Wajerumani lililochoma mashamba. Mmatumbi aliyekuwa akichapwa shambani kwa akida hakuwa na njia rahisi ya kumtenganisha Mzungu wa msalaba na Mzungu wa kiboko, kwa kuwa walishuka bandari moja na kulindwa na bendera moja. Ni jambo lilelile lililofanyika Kisiwani miaka 400 kabla. Mwaka 1906 Wabenediktini walianza upya Ndanda, penye maji yatokayo mlimani, na kazi iliyowapa nafasi katika mioyo ya watu wa kusini ikawa zahanati, kisha hospitali. Mpaka leo mtu wa Kilwa akizidiwa, jamaa zake hujadiliana: tumpeleke Lindi, Nyangao au Ndanda? Kati ya wanaolazwa kwenye vitanda hivyo wamo Waislamu wengi, na hakuna anayeulizwa dini mlangoni.

Sasa tuje Masoko ya leo. Ni makao makuu ya wilaya, mji wa Waislamu kwa sehemu kubwa, jirani ya kisiwa ambacho Ibn Battuta alikitembelea mwaka 1331 akawasifu watu wake kwa uchaji. Wakristo ni wachache, na wengi wao wamekuja kikazi: mwalimu kutoka Masasi, muuguzi kutoka Songea, askari kutoka Mbeya, fundi aliyefuata ujenzi, mama aliyefuata mume akaishia kufungua mgahawa. Mtu wa namna hiyo amezoea kwao kanisa kubwa lenye kwaya tatu na kengele inayosikika mpaka mtaa wa pili. Akifika huku anakuta benchi chache na sauti ya adhana. Baadhi hukata tamaa. Husema, nitasali nikirudi nyumbani likizo. Mwaka unapita, na wa pili.

Kwa Wakatoliki, dawa ya hali hii iliandaliwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mwaka 1973 maaskofu wa Afrika Mashariki, chini ya umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi wakakubaliana kwamba Kanisa lisimame juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Mwaka 1976 wakalitia nguvu azimio hilo. Tanzania ililipokea upesi kuliko wengi, pengine kwa sababu wananchi walikwisha kuzoea nyumba kumi kumi na vijiji vya ujamaa. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda mbali zaidi, akahamia mwenyewe kijijini kuishi na kulima na watu. Kilwa iko katika Jimbo Katoliki la Lindi, na humo, kama kwingineko nchini, mtu haulizwi tu anasali parokia gani. Anaulizwa jumuiya yake ni ipi. Walutheri, Waanglikana na Wamoraviani nao wana vikundi vyao vya nyumba kwa nyumba.

Jumuiya ya mji mdogo wa pwani inafanana hivi. Jioni, baada ya jua kupungua, mkeka umetandikwa barazani au chini ya mwembe wa uani, viti vya plastiki viwili vitatu kwa ajili ya wazee. Watu saba, wakizidi kumi na wawili. Watoto wanakaa mbele, kisha wanasogea taratibu kuelekea walikoachia mpira. Katibu ana daftari la kurasa mia lililopinda pembe. Biblia ni moja au mbili, nyingine iko kwenye simu, na mwanga wa simu hiyohiyo ndio unaosomewa giza likiingia. Adhana ya magharibi ikianza, anayesoma hunyamaza mpaka iishe, kwa heshima ya majirani, kisha huendelea pale alipoishia.

Wengi hutumia njia ya hatua saba iliyotengenezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Wanamkaribisha Bwana kwa sala fupi. Wanasoma Injili ya Jumapili inayokuja. Kila mmoja anataja neno au kifungu kilichomgusa, anakirudia bila kuhubiri. Wanasoma tena, wanakaa kimya. Wanaelezana kilichowaingia moyoni. Kisha inakuja hatua ya sita, ambayo naiona ndiyo moyo wa yote: wiki hii tufanye nini? Hapo ndipo daftari hufunguliwa. Mjane wa nyumba ile ya bati anaumwa mguu, nani atamtekea maji? Kijana fulani ameacha komunyo tangu agombane na kaka yake, nani atakwenda kumwona, na asiende na maneno mengi? Mtoto wa fulani hana sare ya shule. Mchango unakusanywa, shilingi mia tano, elfu moja, mwingine anasema nitaleta mwezi ukiisha, mhazina anaandika. Hatua ya saba ni sala, na watu wanaagana.

Mtu akitazama kwa haraka atasema, ni hivi tu? Ndiyo, ni hivi tu, wiki baada ya wiki. Mwalimu kijana aliyefika Masoko akiona haya hata kusali kwa sauti, akikaa kwenye mkeka ule mwaka mmoja, atakuwa amesikia Injili zaidi ya arobaini zikisomwa pole pole. Atakuwa amelazimika kutaja kifungu kimoja kila wiki mbele ya watu wanaomjua. Atakuwa amekwenda hospitali na kwenye misiba ambayo asingekwenda kwa hiari yake. Siku moja mwenyekiti atakuwa safarini, ataambiwa, mwalimu, tuongozee. Ataongoza, sauti ikimtetemeka. Hakuna atakayempigia makofi. Nyumbani mkewe atamwuliza mbona umechelewa, naye atajikuta anamsimulia Injili ile huku wanakula.

Wakulima wa Kilwa hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa maneno mengi, maana wanalima ufuta. Punje yake ni ndogo hivi kwamba wapo wanaoichanganya na mchanga wakati wa kusia ili isimwagike yote pahala pamoja. Ukiisia kwa pupa inasongamana na kudhoofishana. Wanaiachia nafasi, wanapalilia, wanapunguza miche, na mwaka ukiwa mwema ndiyo inayolipia mahitaji ya shule ya nyumba nyingi. Yesu alipozungumza na wakulima wa Galilaya alitumia haradali, na akasimulia pia habari ya mpanzi anayelala na kuamka huku mbegu ikimea bila yeye kujua namna. Wengi wetu tumeshikilia mfano wa kwanza, ule unaoishia kwenye mti mkubwa wenye ndege. Natamani wa pili ungehubiriwa zaidi, kwa sababu unamwondolea mtu kazi isiyo yake, ile ya kuufukua mche kila asubuhi aone kama umekua.

Maana hilo ni kosa la kweli, na linaumiza watu. Mkristo mpya anajipima kila siku: jana nilisali nikasikia joto moyoni, leo sikusikia kitu, basi nimerudi nyuma. Anahama kanisa kutafuta joto, kisha anahama tena. Mtu huyu angesaidiwa na mambo ambayo yanaonekana duni mno kuhubiriwa. Asali Baba Yetu mara moja asubuhi, pole pole, kabla ya kushika simu. Asome aya tano, asizidishe. Arudishe fedha aliyokopa dukani hata kama mwenye duka amesahau. Amsalimie yule wasiyesalimiana. Akishindwa Jumanne, aanze Jumatano bila kujitesa. Hakuna kati ya hayo litakaloingia kwenye ushuhuda wa jukwaani, na kila moja linamjenga.

Hapa pwani kuna msaada ambao Mkristo wa bara mara nyingi haupati, nao ni majirani Waislamu. Anayepanga chumba nyumba moja na mzee anayeamka alfajiri siku zote, mvua inyeshe isinyeshe, anajifunza kitu kuhusu sala ya kila siku ambacho hotuba haifundishi. Mwezi wa Ramadhani watoto wa nyumba ya Kikristo hupelekewa futari kwenye sahani iliyofunikwa, na Krismasi sahani hiyo hurudi na pilau. Kukiwa na msiba, jeneza hushikwa na mikono yote ya mtaa. Mkristo wa Masoko hakui kwa kushindana na jirani huyo wala kumwona kama shamba lisilolimwa. Anakua kwa kuwa mwaminifu katika imani yake mbele ya mtu aliye mwaminifu katika yake. Imani isiyoweza kumheshimu jirani wa namna hii, mimi naiogopa, kwani pwani hii imewahi kuiona ikishuka melini.

Masoko inabadilika. Bandari ya uvuvi ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliiwekea jiwe la msingi Septemba 2023 inaleta watu na kazi, na barabara ya kutoka Nangurukuru ina magari mengi kuliko zamani. Wakristo wataongezeka kwa hesabu. Yatatokea matamanio ya majengo makubwa na vyombo vya sauti vya nguvu, na sina ugomvi na paa linalozuia mvua. Ninachoombea ni utaratibu uliokwisha kuwepo uheshimiwe: jumuiya ikizidi nyumba ambazo watu wake wanaweza kuzitembelea kwa miguu, igawanywe.

Kugawanywa huko hakupendwi. Watu wamezoeana, wana kiongozi mzuri wa nyimbo, wana akiba kidogo kwa mhazina. Halafu parokia inasema nyumba za upande ule wa barabara zianze upya. Wanachaguliwa mwenyekiti ambaye hajawahi kuongoza na katibu anayepaswa kununua daftari. Wanapewa jina la mtakatifu wa kuwasimamia. Wanakutana mara ya kwanza wakiwa watano, pengine wanne na mtoto mgongoni, na ajenda ya kwanza huwa kuorodhesha nyumba za Wakristo katika mtaa wao. Kwenye orodha hiyo hakosekani mtu mmoja ambaye hajaonekana kanisani tangu Pasaka ya mwaka juzi. Kabla hawajaagana wanakubaliana wawili gani watakwenda kwake Jumamosi, na saa ngapi.